Ufunguo Ninao, Asante

Sisi tunaocheza na makufuli kwa kujifurahisha tuna upendeleo mbaya. Tunausifia mchokoo, ule uchuma mwembamba wenye ncha iliyopinda. Ndio unaopigwa picha. Kikazio, kile kipande cha chuma bapa kilichopindwa herufi L, hakuna anayekiulizia. Na kufuli hufunguliwa na kikazio. Mchokoo unabughudhi tu.

Ndani ya kufuli la kawaida mna silinda ndogo, na pini zinazosukumwa na springi kuizuia isizunguke. Ufunguo wake ukiingia, kila pini huinuka hadi kiungo chake kilingane na ukingo wa silinda, na njia inakuwa nyeupe. Linus Yale Mdogo aliusajili mtindo huu Marekani katika miaka ya 1860, na hadi leo viwanda havijaweza kutoboa matundu ya pini yakakaa sawasawa kabisa. Kasoro hiyo ndiyo riziki yetu. Ukiikaza silinda kidogo, pini moja hubanwa kabla ya wenzake. Unaiinua, inanasa, unamtafuta mwenzake. Ukikaza kwa hasira zinabanwa zote, na hapo utachokoa hadi adhana ya alfajiri. Kipimo ni kama unavyobonyeza parachichi sokoni bila mwenye meza kukuona.

Basi kikazio chenyewe utakipata wapi? Kibanio cha nywele ni uongo wa filamu: laini mno, kinajikunja chenyewe huku silinda imetulia. Spoku ya baiskeli ni ngumu vya kutosha, na hapa Dar es Salaam haihitaji hata baiskeli, maana muuza mishikaki anazo. Wa kwetu aliniuzia moja kwa bei ya mshikaki wenye nyama. Ila spoku ni mviringo, inateleza tunduni mpaka uibapishe ncha kwa nyundo, na moshi wa nyama hautoki kwa sabuni yoyote. Paka wa jirani alikuwa akinisindikiza kila nilipoishika.

Mfalme wa vikazio yumo ndani ya waipa ya gari. Zile za mtindo wa zamani, ukichomoa mpira wake unakutana na vipande viwili vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, vigumu lakini vyenye kunepa. Unakata urefu wa kidole, unapinda ncha taratibu kwa plaizi (ukiharakisha inakatika), unapiga tupa na msasa kwenye kingo hadi zisikuchane. Kazi ya jioni moja. Shida ni kuipata hiyo waipa.

"Fundi, shikamoo. Una waipa mbovu?"

"Marahaba. Za gari gani?"

"Sina gari."

Fundi akanitazama. "Sasa za nini, kijana?"

"Za kufungulia makufuli."

Nilisema kweli tupu. Fundi hakunijibu, alilivuta sanduku lake la spana kwa mguu, polepole, hadi likaingia chini ya gari. Waipa alinipa, nadhani ili niondoke.

Ukishakuwa na kikazio, amua utakipachika wapi. Upande usio na pini ni rahisi kwa mgeni, lakini kikazio kinakula nafasi ya mchokoo, na matundu ya makufuli madogo hayana nafasi ya kugawana. Mimi nakipachika upande wa pini, mdomoni kabisa, kifupi na kilichopigwa tupa hadi kinaingia kwa kubana. Hapo tundu lote linabaki wazi, na kidole kinasikia kila mlio.

Milio hiyo nilikuwa nikiisikiliza barazani siku balozi wetu wa nyumba kumi alipopita.

"Baba Asha, umepoteza ufunguo?"

"Hapana, mzee. Ninao huu hapa."

Ningesema umepotea, angenisaidia. Ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni ndio ulioniharibia. Balozi alirudi na wazee wawili, tukakaa, tukanywa kahawa, nikawafungulia lile kufuli mbele yao. Waliondoka wameridhika kwamba mimi si mwizi. Asubuhi yake mtaa mzima ulikuwa umebadilisha makufuli.

Mke wangu, Mama Asha, nilijaribu kumshawishi kwa historia kwamba mchezo huu una heshima yake. Nilimweleza habari za Hobbs, Mmarekani aliyekwenda London mwaka 1851 akalifungua kufuli la kampuni ya Bramah lililokuwa likitunisha kifua dirishani mwa duka lao kwa miaka, na zawadi yake gini 200. Kazi ilimchukua saa 51, katika siku 16.

"Saa 51," akasema. "Na kwao maji nani alikuwa akichota?"

Masharti ya mchezo ni mawili: fungua kufuli lako mwenyewe, na lisiwe lile linalolinda mlango, kwa sababu pini zikiharibika utalala nje. Na wewe mwenye gari, waipa zikichakaa usizitupe. Nipe mimi, mchana kweupe, mbele ya mashahidi.