Tundu la Buluu

Ruta ni kifaa kinachounganisha mitandao tofauti na kuamua kila kifurushi cha data kipite wapi. Mtandao wa ndani ni ule wa nyumba au ofisi moja, wenye kompyuta, simu na printa ya kugombaniwa, ilhali mtandao mpana ni ule unaovuka miji na nchi. Ndiyo maana mgongoni mwa ruta ya kawaida huwa na matundu manne yaliyoandikwa LAN, ambayo ni ya ndani, na moja la pembeni lililoandikwa WAN, mara nyingi la rangi ya buluu, ambalo ni la nje. Umbali kati ya matundu hayo haufiki upana wa vidole viwili.

Hadi kufika kwenye tundu hilo la nje, data huwa imesafiri mbali. Ibadakuli, katika Manispaa ya Shinyanga, ndipo kilipo kituo cha kupoza umeme kinachopokea njia ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa, yenye urefu wa kilomita 670, na sehemu ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano husafiri juu ya nguzo za namna hiyo, nyuzi zake zikiwa zimefichwa ndani ya waya wa juu kabisa unaokinga radi. Ni fedheha, basi, data kuvuka nyika yote hiyo na kuja kupotea juu ya stuli ya plastiki iliyobeba ruta.

Mwandishi wa insha hii alinunua ruta ya pili ili mawimbi yafike chumba cha nyuma, akachomeka waya utokao kwenye ruta ya mtoa huduma katika tundu la kwanza la LAN, kwa hoja ya kitaalamu kwamba ndilo lililokuwa karibu. Taa zote ziliwaka kijani. Taa hizo, kwa bahati mbaya, huthibitisha tu kwamba waya umeshika huku na huku.

Ruta zote mbili zilijiita 192.168.1.1, anwani iliyomo katika fungu lililotengwa kwa mitandao ya ndani mwaka 1994 na kupendwa mno na viwanda, na zote zilijipa kazi ya kugawia vifaa anwani, ikawa kama mtaa wenye wajumbe wawili, kila mmoja na muhuri wake: simu iliyohudumiwa na mjumbe halali ilifungua WhatsApp, na iliyoangukia kwa mwenzake ilizungusha kiduara hadi usiku.

Fundi aliyeitwa, kijana mwenye adabu, aliinama, akatazama, akasema, "Shikamoo mzee. Huku ni ndani." Waya ulihamia kwenye buluu, lakini kwa kuwa nje na ndani kulikuwa na anwani za fungu lilelile, ruta haikujua mlango uko upande gani mpaka fundi alipoibadilishia anwani ya ndani kuwa 192.168.2.1, ambayo aliiandika nyuma ya risiti ya LUKU.

Risiti ilitupwa Jumamosi. Jumapili, akitaka kubadili nywila, mwandishi aliingiza kibanio cha nywele katika kitundu cha kurejesha mipangilio ya kiwandani, akakibonyeza kwa sekunde kumi, na taa zote zikawaka kijani.