Lengo la Saa Sita Usiku

Tangu juzi mama mkwe haniangalii usoni. Chai yangu anaiweka ukingoni mwa meza, kisha anarudi nyuma bila kunipa mgongo.

Alikuja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Juzi, saa sita kasorobo usiku, aliamka kwenda msalani akanikuta sebuleni, taa imezimwa, nimekaa kwenye kochi natikisa mkono wa kulia juu chini, juu chini, jasho linanitoka, macho nimeyakodolea kimwanga cha simu. "Yarabi toba! Mama Rehema, amka, mumeo kapandwa!" Kabla sijatamka neno, kitezo kilikuwa kimeshawashwa, shemeji kanikalia miguu, na jirani mmoja, mtu anayeheshimika mtaani, anamhoji pepo wangu kwa upole: "Sema, bwana mkubwa, wataka nini?"

Nikamjibu ukweli. "Nataka hatua mia nane kabla ya saa sita."

Wakaongeza ubani.

Ofisini tumewekewa mashindano: hatua 10,000 kwa siku, na simu ndiyo karani. Sasa, simu haijui mguu. Ndani yake mna chombo kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye vijiuzito visivyoonekana kwa macho, vimening'inizwa kwenye springi za silikoni. Ukisogea, vinayumba, nafasi kati yake na vibati vya pembeni inabadilika, na umeme nao unabadilika. Programu inausoma umeme huo mara makumi kwa sekunde, pande zote tatu, ikitafuta mdundo wa mtu anayetembea. Ukiupatia mdundo ule kwa mkono, basi umetembea. Nami nilikuwa naupatia vizuri sana mpaka moshi uliponipalia.

Hiyo 10,000 yenyewe haikutoka hospitali. Kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kifaa cha kuhesabia hatua mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, na namba ikaja na kifaa. Watafiti walikuja kuipima miaka mingi baadaye.

Tabia hujengwa vingine. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amefunga jambo jipya kwenye jambo la kila siku, mathalani baada ya kifungua kinywa. Jambo lilichukua wastani wa siku 66 kuota mizizi, kuanzia 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Mama mkwe akimaliza sala ya alfajiri hujitanda kanga akaenda kwa miguu kununua vitumbua. Hajawahi kuhesabu hatua hata moja, na kwenye mlima ananiacha.

Malengo yangu mengine? Kibubu kilivunjwa kabla sarafu hazijapata za kugongana nazo. Jimu ilichukua ada ya mwaka mzima Januari. Februari haikuniulizia hali.

Kinachoniudhi hasa ni ushindi wenyewe wa yale mashindano ya hatua. Kashinda tarishi wetu, katuacha wote mbali. Bosi alimkabidhi chupa ya maji mbele ya kamera, akatutaka tuige nidhamu yake. Nidhamu gani? Ofisi ilimfutia nauli ya daladala, sasa barua zote za mjini anazipeleka kwa miguu, jua na mvua. Kwamba tabia hudumu ikifungwa kwenye jambo ambalo mtu hana budi kulifanya, hilo wamelithibitisha bila kukusudia. Kama kweli wanajali afya zetu, wamrudishie nauli yake kwanza. Kutembea atatembea akipenda.