Saa Moja na Nusu ya Nani?

Jamani, hawa wanaosema Dar mpaka Mwanza kwa ndege ni saa moja na nusu, sijui wanaishi wapi. Labda wanalala uwanjani. Mimi nakaa Mbezi. Foleni ya Kimara unaijua, sihitaji kukusimulia. Daladala limesimama, jua linapiga, jirani wa siti kanilalia begani, na kiwanja kiko huko Kipawa. Hata Ubungo hatujafika, shemeji wa Mwanza anapiga simu: "Shem, umeshapaa?" Nimepaa na nini?

Yeye ndiye aliyenijaza upepo. Eti hewani ni kama kilomita 850 tu. Kwa barabara zinafika kama 1,150, maana basi lazima lipitie Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, kama bibi harusi anayeaga ukoo mzima. Nikaona ndege ndiyo mpango.

Nafika kaunta, begi linawekwa kwenye mizani. Kilo zimezidi. Dada ananiambia nilipie au nipunguze. Kulipia kwa hela ipi? Nikavaa mashati matatu palepale, watu wanatazama. Bado zimezidi. Nazi za mama mkwe zikabaki Dar.

Kwenye ukaguzi naambiwa nivue mkanda. Suruali yenyewe ya mtumba, kiuno chake kilikuwa cha mtu mwingine. Mkono mmoja nashika suruali, mwingine nasukuma trei. Vua na viatu, mzee. Soksi ina tundu, kidole gumba kiko nje kinasalimia abiria. Halafu kaa usubiri.

Ndani ya ndege nikapiga hesabu. Jeti inakimbia kama kilomita 800 kwa saa, safari ni 850, nusu saa nyingine nani kaila? Nikamuuliza bwana wa dirishani. Akashusha miwani, akanitazama mpaka mashati. "Mzee, muda unaanza ndege ikitoka kwenye maegesho. Kuna kutambaa mpaka njia ya kurukia, kuna kupanda, kuna kupunguza mwendo na kushuka. Mia nane ni ikishafika juu." Nikasema naam. Muda wote nilidhani inaondoka ikiwa tayari imekolea.

Sijamaliza korosho, ziwa hilo, mawe hayo, tumetua. Nikasimama kwa mbwembwe, kumbe mlango haujafunguliwa. Nikasubiri begi, nikatafuta usafiri, maana uwanja uko Ilemela, mjini bado. Nimefika usiku, jasho la mashati matatu linanitiririka. Mama mkwe ananiuliza, "Baba, mbona umechoka hivyo, hukupanda ndege?" Nazi hakuuliza. Aliangalia tu mikono.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukitajiwa muda wa ndege, jua ni wa ndege, siyo wako. Wa kwako anza kuuhesabu mlangoni kwako, na kabla ya kufunga begi, lipime.