Muulize Somo: Barabara ya Nane na Gauni la Nane

Mpendwa Somo,
Nimenunua magauni manne ya mtumba pale soko la Karume. La kwanza limeandikwa 8, la pili 12, la tatu 40, na yote matatu yananikaa sawasawa. La nne limeandikwa 12 vilevile, nalo limekataa kupita mabegani. Je, mimi ni saizi gani?
Aliyekwama Mabegani, Ilala

Mwanangu Uliyekwama,

Barua yako nimeipokea kwa taadhima, na kabla sijaigusa hoja yake napenda kuwashukuru wote waliouliza hali yangu baada ya safu hii kukosekana juma lililopita. Sikuwa mgonjwa, bali nilikuwa nikisuluhisha nyumba mbili, harusi moja na mzozo wa mwembe, kazi ambazo katika mji huu wa Tanga hakuna mwingine anayeaminiwa kuzifanya, na si mimi nisemaye hivyo, ni watu, ijapokuwa aghalabu husema baada ya mimi kuwakumbusha.

Sasa, mtu aulizaye habari za vipimo amebisha hodi penye mlango wake. Mimi nilikuwa na futi ya kushonea, yenye ncha mbili za shaba, niliyopewa na mume wangu wa pili, Mungu amrehemu, mtu aliyekuwa mwema katika kila jambo isipokuwa kuchagua samaki. Kwa futi hiyo nilipimwa kiuno mwaka wa Uhuru, kikapatikana inchi 24, na tangu siku ile hakijaongezeka wala kupungua. Ningeweza kulithibitisha hilo leo hii mbele ya mashahidi, walakini futi yenyewe iliazimwa na jirani yangu tangu Idi ya mwaka juzi, naye kila ajapo kuirudisha hunikuta nimeshughulika.

Nakaa Ngamiani, ambako barabara zetu hazikupewa majina ya wakubwa bali namba tupu, na namba hizo zina insafu ambayo sijaiona katika mambo mengi ya dunia. Barabara ya Nane iko baina ya ya Saba na ya Tisa. Ilikuwa hapo nilipokuwa mtoto wa chuoni, na ipo hapo hata sasa ninapoipita kwa miguu huku vijana wakinipisha njia. Haijapata hata siku moja kuamka asubuhi ikajiita ya Nne ili waliomo wajione wamekonda. Laiti ingefanya hivyo, barua zingepotea, mabibi harusi wangepelekwa kwa waume wasio wao, na mimi ningekuwa na kazi mara mbili ya hii niliyo nayo.

Magauni ya wenzetu wa Marekani, kinyume chake, ndivyo yalivyofanya. Hapo kale namba ya nguo ya kike ilikuwa na mwenyewe: ya 14 ilikuwa ya binti wa miaka 14, na mama mzima alipimwa kifua tu, kana kwamba kiuno na nyonga humfuata kifua kimyakimya kama mabehewa yafuatavyo gari la moshi liendalo Korogwe. Nguo zikarudishwa madukani kwa wingi, wafanya biashara wakalia hasara, na serikali yao ikaingilia kati. Mwaka 1939 na 1940 Idara ya Kilimo, naam, ile ile ishughulikayo mahindi na mbolea, iliwatuma watu wapime wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, na bibi mmoja aitwaye Ruth O'Brien pamoja na bwana William Shelton wakayatoa matokeo katika kitabu mwaka 1941.

Vipimo 59! Mimi bibi harusi humpima vipimo vitano, na viwili katika hivyo nampima kwa jicho tu, akiwa amekaa, tena nikinywa kahawa. Na gauni likitoka kwa fundi humkaa hata mama mkwe akakosa la kusema, jambo ambalo hakuna idara ya kilimo iliyopata kulifikia. Fauka ya hayo, wanawake wasio weupe hawakutiwa katika hesabu ile, kwa hiyo mizani yenyewe ilizaliwa na jicho moja, na wewe ujiulizaye kwa nini kitambaa kilichokatwa kwa elimu ya huko hakizijui nyonga za Ilala, hapo umepata sehemu ya jibu bila ya kulipa ada.

Kisha O'Brien na mwenzake wakaamua neno ambalo ndilo lililokuletea fadhaa. Walidhani kwamba mwanamke hatakubali kumtajia muuzaji inchi za kiuno chake, wakaona afadhali nguo ipewe namba isiyo kipimo cha kitu chochote, kama viatu. Tadbiri hiyo ilikuwa na adabu ndani yake, nakiri, lakini namba isiyo ya kitu chochote haina wa kuitetea, na mtu akiisogeza usiku hakuna atakayepiga ukelele wa mwizi. Kwetu, bibi yangu alipotaka kaniki alimtuma dukani mjomba mmoja aliyekuwa na mikono mirefu kama makasia, maana nguo iliuzwa kwa dhiraa, na dhiraa ni kutoka kisigino cha mkono hadi ncha ya kidole. Udanganyifu huo ulikuwa wa wazi. Mwenye duka aliuona mkono ukiingia mlangoni, akaguna, akapandisha bei, wakaagana kwa salama.

Mwaka 1958 kiwango kikatangazwa rasmi huko Marekani, na saizi ya 8 ikawekewa kiuno cha inchi 23 na nusu. Basi hapa, kwa kuwa safu hii haijapata kusema uwongo, nitakiri mbele ya wasomaji kwamba ya 8 ile isingenitosha hata katika ujana wangu kwa kupungua nusu inchi, na nusu inchi hiyo ilikuwa halua ya harusi. Kiwango hicho kilikuwa hiari ya mwenye kiwanda, na mwaka 1983 kikaondolewa kabisa. Hapo kila mshonaji akawa sultani wa namba zake. Wakatambua kwamba mwanamke aliyevaa 14 mwaka jana, akijaribu gauni mwaka huu likamwingia hali limeandikwa 10, hulipa bila ya kubishana, tena humsifu muuzaji kwa jirani zake. Tulifunzwa ya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa wamebuni shani nyingine, mnywaji ndiye asifiwaye, na maji yakatiwa vilevile. Leo ya 8 yakaribia ile iliyokuwa 16 mwaka 1958. Mwili haukupungua hata uzi mmoja. Ni barabara iliyohama.

Na walipofika chini wakakuta hakuna tena mahali pa kushukia, wakachimba. Ikaja ya 0, ikaja ya 00, na mwaka 2014 kampuni ya J.Crew ikaleta ya 000. Sifuri, mwanangu, ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na maana yake ni kitu kitupu. Walioifundisha dunia kuiandika waliitaka kwa hesabu za biashara na za nyota, sidhani hata mmoja wao aliota kwamba siku moja itashonwa shingoni mwa gauni. Aliyevaa sifuri tatu amejisitiri kwa nini hasa? Swali hili niliwauliza wanawake wa chama chetu cha kufa na kuzikana, na jibu lao haliwezi kuchapwa.

Nirudi kwako, maana naona bado umekwama. Robota moja likifunguliwa Karume hutoka humo mataifa yasiyosalimiana: ya 8 ya Marekani ni takriban 12 ya Uingereza, 38 ya Ujerumani, 40 ya Ufaransa na 44 ya Italia. Kwa hiyo magauni yako matatu yasiyopatana kwa namba ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa ugenini. Ama lile la nne lililokataa mabega, dhana zangu ni mbili. Huenda ni la zamani, lililoshonwa kabla uwongo haujakomaa, na kama ndivyo, basi ndilo gauni pekee kabatini mwako lililokuambia kweli, nawe umelichukia kama wachukiwavyo wasema kweli wote, na mimi ni mmojawapo. Au huenda latoka kwa kampuni nyingine. Maana kila kampuni humwajiri binti mmoja wa kusimama avikwe nguo ya kwanza, na nguo hiyo ikishampendeza hupanuliwa na kupunguzwa kwa hesabu ili kuwafaa wengine wote, hata binti yule akiwa na mabega ya njiwa, umma mzima utauziwa mabega ya njiwa. Tena kitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka na kukatwa kwa kisu kimoja cha umeme, na tabaka zikiteleza kidogo, pacha wawili wenye lebo moja hutoka mezani hawalingani.

Dawa ninazo. Ya kwanza ni kuzifumua lebo zote, kuzilaza katika maji ya marashi siku tatu, kuzifukiza udi, na kuzitupa baharini pale Raskazone wakati wa maji kujaa, ili samaki wazimeze na kuanzia hapo wao ndio wahangaike na saizi zao. Ya pili nimeijaribu mwenyewe: mwaka mmoja nilitarizi kwa mkono wangu lebo zenye namba 4, kwa uzi wa hariri, nikazishona katika magauni ya wanawake wote wa mtaani kwetu, wembamba kwa wanene, nikawaambia ni namba zitokazo ng'ambo. Mwezi mzima kulikuwa na amani Ngamiani ambayo wazee hawakumbuki mfano wake. Waume walipikiwa, madeni yalilipwa, kikoba kilijaa. Ikavunjika siku mmoja alipoazima gauni la mwenzake kwenda nalo harusini, nami nikalazimika kuzuru Pangani kwa wiki mbili.

Ya tatu haina ladha, ndiyo sababu nimeiweka mwisho. Lichukue gauni linalokukaa vizuri kuliko yote, lilaze juu ya meza, lipime kutoka kwapa hadi kwapa, kisha kiuno upande hadi upande, kisha nyonga, uzidishe kila kipimo mara mbili, uandike inchi hizo katika karatasi uiweke ndani ya pochi pamoja na futi. Ukienda mnadani, lipime gauni na usiisome shingo yake. Linalozidi, fundi atalipunguza. Lililobana, tazama ndani ya mishono kama limeachiwa akiba ya kufumua, na kama halikuachiwa, lirudishe lilipokuwa hata likiwa na shanga. Mabega ndiyo magumu kurekebisha kuliko kiuno, hivyo anza nayo. Wewe huna saizi, mwanangu. Una kifua, kiuno na nyonga, kama ulivyozaliwa navyo, na kama hutaki kabisa kusumbuliwa na namba ipo kanga, ambayo haijamwuliza mwanamke yeyote swali hilo, na lipo baibui la Ghuba, ambalo likiandikwa 56 ni inchi 56 za urefu toka begani hadi chini.

Nafasi imekwisha, na mhariri amenitumia kijana aliyesimama mlangoni akitazama saa, lakini ipo barua ya pili nayo ni fupi.

Somo,
Nilimnunulia mke wangu gauni la 16 kwa mapenzi. Hajasema nami siku tatu.
Mume wa Watu, Mombasa

Bwana Mume,

Usijione u mjuzi kwa kuwa suruali yako imeandikwa inchi. Mwaka 2010 jarida la Esquire la Marekani lilichapa habari za mwandishi aliyeingia madukani na futi mkononi, akapima suruali za kiume zilizoandikwa 36, akakuta mojawapo ina 41. Inchi tano za kubembelezwa, nanyi mlikuwa mkitucheka. Mpelekee mkeo doti ya kanga, chagua jina lake kwa makini kuliko ulivyochagua gauni, na ile lebo ikate kwa wembe kabla hajaamka.

Kijana anakohoa mlangoni, nami namaliza. Jirani yangu naye kapita sasa hivi dirishani, kaniambia futi ameitoa uvunguni, nzima, na ncha zake zote mbili, na kwamba jioni ataileta. Kwa kuwa yeye ni msomaji wa safu hii, namjibu hapa hapa ili asipate tabu ya kuja: nimemsamehe, akae nayo.