Kinga Ndefu, Mtutu Mfupi, Vidole Vyote

Anza kwa kuhesabu vidole vyako, kwa sababu shabaha ya mwongozo huu ni uvirudishe nyumbani vyote. Ukimwuliza Mmarekani mwenye AR-15 ya mtutu mfupi kwa nini anataka kinga ndefu ya mkono, lile gamba la aluminiamu linalofunika mtutu ili kiganja kisiungue, atakueleza habari za utulivu na wepesi wa kuhama kutoka shabaha hii kwenda ile. Asemayo ni kweli. Kwenye mashindano ya bunduki tatu washindani wengi hunyoosha mkono wa mbele hadi karibu na mwisho wa kinga, na mkono uliokaa mbali huituliza bunduki kuliko mkono ulioikumbatia magazini. Tatizo ni kwamba mtutu wa inchi 10.5 hauna nafasi ya kugawa ovyo. Ukipitiliza kidogo tu, unakutana na moto wa baruti.

Kwa hiyo toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, kisha chukua futikamba. Usiamini jina lililo kwenye boksi. Urefu wa mtutu huhesabiwa kuanzia kwenye uso wa bolti ikiwa imefungwa, na kipande cha urefu huo kimezama ndani ya mwili wa bunduki. Kinga nayo huanzia nje, pale mwili unapoishia. Ndiyo maana kinga ya inchi 10, ambayo kwenye karatasi inaonekana kubakiza nusu inchi, ikifungwa huweza kufika mdomoni kabisa mwa mtutu. Pima kinachoonekana kwa macho, uandike, na upime tena.

Halafu tazama kilichofungwa mdomoni. Kile kifaa cha kupunguza mwako chenye umbo la tundu la ndege, cha aina ya A2, kina nafasi za juu na ubavuni, ila upande wa chini kimezibwa ili gesi isitifue vumbi mpigaji anapolala chini. Ukikifunika na kinga, gesi ile ya moto itapiga kuta za ndani, na gamba ulilonunua liukinge mkono litageuka kuwa tanuri la mkono huohuo. Kifaa cha kupunguza teke ni hatari zaidi, kwa kuwa kazi yake hasa ni kurusha gesi pembeni, na pembeni ndiko kuliko vidole. Nafasi zote za kutolea gesi zibaki nje ya kinga. Kwa mtutu wa inchi 10.5, kinga ya inchi 9 au 9.5 inatosha kabisa. Najua ya inchi 13 inapendeza kwenye picha, lakini bunduki haijui kwamba inapigwa picha.

Kama unataka kizuia sauti kiingie ndani ya kinga, pima pia kipenyo cha ndani cha kinga. Kinahitaji hewa pande zote, maana hupata joto kali baada ya magazini chache, na kikigusa kinga, faida ya mtutu kutoguswa na kitu imekwisha.

Kuna pia ile pembetatu ya kulengea iliyosimama juu ya mtutu kwenye bunduki nyingi za mtindo wa M4. Hiyo ndiyo iliyokuwa mpaka wa kinga ya zamani, na ndiyo inayofunika tundu la gesi la mtutu. Kinga ndefu haipiti hadi pembetatu hiyo iondolewe na kuwekwa kishika gesi kifupi kinachoenea chini ya gamba. Kazi hiyo mpe fundi bunduki mwenye spana inayopima nguvu ya kukaza, kwani kinga nyingi huja na nati yake ya mtutu.

Na ujue kwamba gamba halirefushi mtutu mbele ya sheria. Chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1934, bunduki ya begani yenye mtutu usiofika inchi 16 lazima isajiliwe kwa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Kodi ya usajili huo ya dola 200 imeshuka hadi sifuri tangu Januari 1, 2026, lakini kibali bado kinatakiwa, kabla ya kuiunda. California haikubali hata kwa kibali hicho.

Mwisho nunua kizuizi cha mkono, kile kipande kidogo kinachofungwa kwenye nafasi za kinga za kushikia vifaa, ziitwazo M-LOK, upande wa chini. Bei yake ni ndogo, nami nisingeikabidhi bunduki fupi kwa mtu yeyote bila hicho. Kifunge nyuma kidogo ya mwisho wa kinga, kaza skrubu, kisha bunduki ikiwa bado tupu ivute begani mara nyingi, kwa haraka, ukiwa umevaa glovu nene za baridi. Kidole kikipita kizuizi hata mara moja, kirudishe kizuizi nyuma nafasi moja na uanze upya.