Mlango wa Sufuria

Mwandishi wa makala haya ana gari lililomtia aibu kiasi kwamba hapa atajitaja kwa "yeye", kama anayesimulia mkasa wa jirani.

Yeye, basi, anakaa Jadida, Wete, na kule gari bovu halina siri. Alinunua Land Rover 109 iliyokuwa imelala chini ya mwembe, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Taa zake zimebanana katikati ya uso. Ishara kwamba ilitoka kiwandani kabla taa hazijahamishiwa kwenye madigadi, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kijani chake kimechujuka kama jani la mgomba linaloanza kukauka. Ubavuni ina mikwaruzo ya magunia ya karafuu, na mlangoni zilisalia herufi nne za idara ambayo hakuna anayeikumbuka.

Herufi hizo ndizo zilizomnunulisha gari. Akaapa kutengeneza kila kinacholiendesha na kulisimamisha, ngozi aiache na uzee wake.

Jadida haikumwelewa. Fundi alichomelea chasisi, akabadilisha mabomba ya breki na nyaya zilizotafunwa na panya, kisha akauliza puti na rangi lini. Alipoambiwa hakuna rangi, akashusha sauti: "Yakhe, kama pesa zimekwisha, sema tu." Ijumaa, watu wakitoka msikitini, mzee mmoja akamtia mkononi shilingi 5,000. Za kuanzia kopo.

Ikabidi atoe mihadhara. Barazani, kwenye kahawa, alieleza kwamba Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza imetoka vitani na chuma ni cha mgao, ilhali alumini ya viwanda vya ndege ipo tele. Ndiyo maana bodi haishiki kutu. Chasisi ndiyo inayooza, kwa kuwa ni chuma. Na pale chuma kinapogusana na alumini kwenye hewa ya chumvi kama ya Wete, alumini huliwa polepole ikatoa unga mweupe. Dawa ni maji matamu na sabuni laini, usisugue. Hapo wasikilizaji huwa wameshasinzia, naye humalizia kwa sauti kubwa: "Kwa ufupi, gari hili ni sufuria!"

Mama mkwe hakuwa amesinzia. Ila alilisikia neno la mwisho tu.

Yeye alikuwa Dar es Salaam, akizunguka Gerezani kutafuta spea, mama mkwe alipokusanya wajukuu watatu, mchanga, majivu na bakuli la ndimu. Alipoteremka bandarini na kupanda kwenda nyumbani, aliona kitu kikimulika kutoka mbali, akadhani jirani ameezeka bati jipya. Ulikuwa mlango wake. Mtu angeweza kujitazama humo akanyoa ndevu. Herufi nne zote zilikuwa zimekwenda na maji.

"Si ulisema sufuria, mwanangu?" mama mkwe alimpokea, jasho likimtoka. "Kesho tunafanya wa pili."

Mkwe hakemewi. Akamshukuru, akamwomba sana apumzike.

Usiku ule ule aliung'oa mlango, akauegemeza nyuma ya nyumba, upande unaopokea upepo wa bahari, upate jua, mvua na chumvi mpaka uzeeke upya. Ni mwezi wa tatu sasa. Kila asubuhi huukuta mkavu, umefunikwa vizuri kwa kanga mbili.