Shajara ya Dadu Nyekundu

Jumatatu
Dadu moja nyekundu imepotea. Tumeitafuta chini ya makochi, ndani ya viatu, hata kwenye debe la unga. Shemeji ametaka tucheze Risk, mchezo wa ubao wa kuteka dunia, hivyo hivyo, mshambuliaji arushe mbili. Nimekataa. Mwenye dadu tatu dhidi ya mbili za mlinzi ana nafasi nzuri: katika kila mirusho 100, kama 37 humtoa mlinzi vikosi viwili, 29 humtoa mshambuliaji viwili, na iliyobaki kila upande hupoteza kimoja. Akirusha mbili, hupoteza vyote viwili katika mirusho kama 45, kwa sababu namba zikilingana mlinzi ndiye mshindi. Tumelala bila kucheza.

Jumanne
Dadu imeonekana kwenye mfuko wa sare ya shule ya mwanangu. Imefuliwa. Nukta bado zinasomeka.

Mjomba amechukua Australia. Maeneo manne, nyongeza ya vikosi viwili kila zamu, na adui ana njia moja tu ya kuingilia, kutoka Siam. Amerundika vikosi Indonesia, kisha akaomba kahawa. Umeme umekatika Shemeji akiwa anarusha dadu za kumvamia, na kwa mwanga wa simu kila mmoja amesoma namba tofauti. Tumerudia mrusho. Shemeji amepoteza viwili.

Alhamisi
Chai imemwagika Ulaya. Wifi alikuwa ndiyo kwanza amelikamilisha bara hilo, maeneo saba kwa nyongeza ya vikosi vitano, akasubiri nipanguse. Ulaya ni mali nzito kuilinda: inashambuliwa kupitia Iceland, Ukraine, kusini na magharibi. Kabla zamu haijamrudia, Shemeji ameshaingia Ukraine, na ile nyongeza hakuiona.

Mwanangu ameuliza nani aliichora dunia hii. Nimemwambia ni Mfaransa Albert Lamorisse, mtengeneza filamu, na mchezo ulianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1957. Akauliza sisi tuko wapi. Nimemwonyesha Afrika Mashariki, eneo moja, mikononi mwa baba yake mdogo.

Ijumaa
Paka amepita Asia. Siberia tumeipanga upya kwa kukumbuka, kwa ubishi kiasi.

Shemeji ameondoka Afrika Mashariki na vikosi kumi. Ameteka Misri, Afrika Kaskazini, Brazil, akafika Venezuela na viwili. Vinne vimekufa njiani, na kila alikopita alilazimika kuacha kimoja. Nyuma yake pamebaki mstari wa vikosi kimoja kimoja, na Wifi ameukata usiku huo huo. Imeniuma, maana Shemeji ana moyo wa vita kuliko sisi sote. Lakini anayeteka eneo moja hupata kadi moja, na anayeteka manne katika zamu hiyo hiyo hupata kadi hiyo hiyo moja. Teka moja, chukua kadi, imarisha mpaka, tulia. Sababu ya kweli ya kumwaga jeshi lote ni moja: kumtoa mchezoni mtu mwenye kadi nyingi, kwa kuwa kadi zake zinakuwa zako.

Jumamosi
Mjomba alikuwa na kadi nne, na Indonesia alikuwa ameipunguza kwa kujaribu kuchukua India. Wifi alikuwa na tatu. Aliziangalia kadi za Mjomba kwa muda mrefu, mimi nikiwa jikoni nachochea moto. Akashuka kutoka China, Siam ikaanguka, kisha Indonesia, New Guinea, na pande mbili za Australia. Mjomba akasema, "Haya mwanangu, umenimaliza," akampa kadi. Saba mkononi. Kanuni inamtaka mwenye sita au zaidi abadilishe seti ya kadi kwa vikosi papo hapo, na seti hiyo ilikuwa ya saba tangu mchezo uanze: vikosi 20.

Wote tumesimama kuangalia. Wali umeungua. Wifi ameshinda, na alistahili.